Fari, kunena kwa Kilatini: jinsi ya kukimudu kitenzi kipungufu

Wengi wanaoanza kumsoma Virgil, mshairi wa Kirumi, hukwama mahali palepale. Dico ("nasema") wanakijua, loquor ("nazungumza") wanakijua, halafu wanakutana na fatur. Wanafungua kamusi na kutafuta fato, fatare, wanatoka mikono mitupu. Au wanakutana na fatus erat, wanaandika "alikuwa amenenwa", na simulizi nzima inageuka kichekesho. Maswali haya huja kila muhula kutoka kwa waseminari, kwa wanafunzi wa sheria na kwa wanaojisomea nyumbani, kwa hiyo nimeyakusanya hapa.

Kitenzi chenyewe ni for, fari, fatus sum. Maana yake ni kunena. Ni nadra katika nathari, kinapatikana zaidi katika ushairi, na ni kipungufu: maumbo yake mengi hayatumiki kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu haukupi jedwali refu la kukariri. Unakupa maumbo machache ambayo Warumi waliyatumia kweli, na njia ya kuyatambua ukiyaona.

Kabla hujaanza

Hakikisha una haya:

- Vimalizio vya kutendwa: -or, -ris, -tur, -mur, -mini, -ntur. Ukiweza kutaja amor, amaris, amatur hadi mwisho bila kuchungulia, inatosha.
- Kitenzi sum katika wakati uliopo, uliopita na ujao (sum, eram, ero).
- Kamusi kubwa. Ile ya Lewis na Short, iliyotoka mwaka 1879, inapatikana bure mtandaoni. Ya mfukoni huenda isikufikishe mbali.
- Aeneis, utenzi wa Virgil juu ya shujaa Aeneas, hasa kitabu cha 1, 2, 4 na 6. Mifano yangu mingi inatoka humo.
- Daftari na penseli. Utafuta mara nyingi.

Hatua ya 1. Tafuta chini ya "for"

Kamusi za Kilatini huorodhesha vitenzi kwa nafsi ya kwanza umoja ya wakati uliopo. Kwa hiyo fatur, fabor, fari na fatus vyote viko chini ya for. Ajabu ni kwamba for lenyewe halimo katika maumbo yanayohesabiwa kuwa yalitumika. Ni kichwa cha habari tu, kimewekwa ili kamusi ipate pa kukitundika kitenzi. Usiende kulitafuta katika ushairi.

Ukikosa for, angalia kama neno lako lina kiambishi mbele. Adfatur au affatur liko chini ya adfor au affor, na effari liko chini ya effor.

Hatua ya 2. Kubali kwamba umbo na maana haviendi pamoja

Kitenzi hiki kina sura ya kutendwa na maana ya kutenda. Sarufi huviita vya namna hii vitenzi deponenti. Fatur ina kimalizio -tur kama amatur ("anapendwa"), lakini maana yake ni "ananena", wala si "ananenwa".

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Angalia "kuchelewa": kimevaa -w- ya kutendwa, lakini aliyechelewa hakutendwa na mtu, kachelewa mwenyewe. Tofauti ni kwamba Kilatini kina kundi zima la vitenzi vya aina hii, na kama umewahi kusali Misa ya Kilatini umeshakitamka kimojawapo: Confiteor Deo omnipotenti, "Namwungamia Mungu Mwenyezi". Confiteor ina -or mwishoni, na anayeungama ni mimi. Tutakirudia, kwa sababu ni ndugu wa damu wa fari.

Hatua ya 3. Shika shina fa-

Ondoa kimalizio, kinabaki fa-, chenye a ndefu. Kinafuata kundi la kwanza, lile la amare, isipokuwa shina ni silabi moja tu. Ndiyo sababu maumbo yake ni mafupi kiasi cha kupotea machoni: ama-tur, fa-tur, ama-bor, fa-bor, ama-ri, fa-ri. Weka amor upande wa kushoto wa ukurasa na fari upande wa kulia, na hutahitaji kanuni nyingine.

Urefu wa a uushike mapema. Ni ndefu katika fātur, fāri, fātus na fābor, na fupi katika fantur kwa sababu ya nt inayofuata.

Hatua ya 4. Andika maumbo yaliyopo, uishie hapo

Wakati uliopo: fatur (ananena), fantur (wananena).
Wakati ujao: fabor (nitanena), fabitur (atanena).
Kuamuru: fare (nena!).
Kitenzi-jina: fari (kunena).
Partisipio (kitenzi kilichogeuzwa kivumishi) ya wakati uliopita: fatus, fata, fatum (aliyenena).
Gerundi: fandi (ya kunena), fando (kwa kunena).
Supino: fatu (katika kunena).
Gerundivo: fandus (cha kunenwa).

Partisipio ya wakati uliopo ingekuwa fans, "anayenena", lakini katika nominativo (hali ya kiima) utaiona hasa ndani ya infans. Zaidi ya hapo kuna nyakati zinazojengwa kwa fatus na sum, ambazo ni hatua inayofuata.

Tahadhari: zipo programu mtandaoni ambazo ukiziandikia "for" zinakumwagia jedwali kamili la nafsi zote na nyakati zote, fabamini na wenzake. Mashine imechukua kanuni ya amor ikaipaka kila mahali. Ukiyakariri yote utakuwa umepoteza jioni nzima kwa maneno ambayo hutayakuta kwa Virgil wala kwa mwingine.

Hatua ya 5. Jenga wakati uliopita kwa fatus na sum

Hapa hakuna upungufu. Fatus sum, nimenena au nilinena. Fatus erat, alikuwa amenena. Partisipio inafuata jinsia na idadi ya mnenaji: Aeneas ni fatus, malkia Dido ni fata, wengi ni fati.

Kosa la kwanza ni lile la "amenenwa". Kosa la pili ni kusahau kwamba washairi huiacha sum nyumbani. Sic fatus, peke yake, ni "akiisha kunena hivyo", kisha kitenzi kikuu kinakuja mbele. Ukianza kuhangaika kutafuta est ambayo haipo, sentensi itakuvunjikia mkononi.

Hatua ya 6. Zigeuze sentensi hizi mwenyewe

Funika tafsiri kwa karatasi, jaribu, kisha linganisha.

*Sic fatur lacrimans, classique immittit habenas* (Aeneis 6.1, yaani kitabu cha 6, mshororo wa 1). "Ndivyo anenavyo akilia, kisha anaziachia merikebu hatamu." Aeneas amempoteza nahodha wake Palinurus baharini. Angalia jinsi sic fatur inavyotazama nyuma: maneno aliyoyanena yameshapita mwishoni mwa kitabu cha 5.

*Vix ea fatus erat, cum circumfusa repente scindit se nubes* (1.586). "Hajamaliza kuyanena hayo, ghafla lile wingu lililowazunguka likajipasua." Mnenaji ni Achates, rafiki wa Aeneas na mwanamume, ndiyo maana ni fatus na si fata.

*Fare age, quid venias* (6.389). "Haya nena, umekuja kwa shauri gani?" Ni Charon, mvushaji wa kuzimu, akimfokea Aeneas kutoka kwenye mtumbwi. Wanafunzi wengi huiona fare wakadhani ni kitenzi-jina kwa sababu ya -re. Kwa vitenzi deponenti, -re ni amri ya umoja na kitenzi-jina huishia na -i (hapa -ri). Kariri hili kama unavyokariri namba yako ya simu.

*Postquam introgressi et coram data copia fandi* (1.520). "Walipokwisha kuingia na kupewa nafasi ya kunena mbele yake." Fandi ni genitivo (hali ya "-a" ya kumiliki), inategemea copia, "nafasi".

*Quis talia fando … temperet a lacrimis?* (2.6–8). "Ni nani, akinena mambo kama haya, angeweza kujizuia asilie?" Fando ni ablativo (hali ya "kwa" ya njia au chombo), nasi kwa Kiswahili tunaitoa vizuri kwa "-ki-".

*Fabor enim, quando haec te cura remordet, longius, et volvens fatorum arcana movebo* (1.261–262). "Maana nitanena, kwa kuwa wasiwasi huu unakutafuna, nitanena kwa kirefu, na nikikunjua siri za majaaliwa nitazitoa nje." Jupiter anamtuliza binti yake Venus. Mshororo mmoja una fabor, na mshororo unaofuata una fatorum, genitivo wingi ya fatum. Neno fatum ni partisipio ya kitenzi hichohicho iliyogeuka nomino: kilichonenwa. Mungu mkuu anaponena, alichokinena ndicho kitakachokuwa. Mimi naona Virgil aliyaweka maneno haya mawili karibu kwa makusudi, na mfasiri anayeandika "nitasema" na "bahati" ameyaachanisha. Kwa Kiswahili chetu ni vigumu kuyaunganisha tena. Ukipata njia, itumie.

Hatua ya 7. Tahadhari na fandus

Nilisema deponenti ina maana ya kutenda. Gerundivo ndiyo inayovunja kanuni: fandus ni ya kutendwa kweli, "cha kunenwa, kinachofaa kunenwa". Kinyume chake ni infandus na nefandus, "kisichoneneka", na haya utayakuta mara nyingi kuliko fandus peke yake. Aeneas anaanza simulizi lake mbele ya Dido kwa *Infandum, regina, iubes renovare dolorem* (2.3): "Malkia, waniamuru niamshe upya uchungu usioneneka." Katika 1.543 miungu inatajwa kuwa *memores fandi atque nefandi*, wenye kukumbuka linaloneneka na lisiloneneka, yaani haki na dhuluma.

Hatua ya 8. Ongeza viambishi

Pale kitenzi chenyewe kinapopungukiwa, viambata vyake husaidia. Vinne ndivyo utakavyovihitaji:

- adfari (affari): kumnenea mtu, kumsemesha. Huchukua akusativo (hali ya shamirisho), na hapa ndipo watu huteleza, kwa sababu kwa mazoea wanataka dativo (hali ya mtendewa). Dido anamwambia dada yake Anna: *i, soror, atque hostem supplex adfare superbum* (4.424), "nenda, dada, ukamsemeshe kwa unyenyekevu adui yule mwenye kiburi." Hostem ni akusativo.
- effari: kutamka, kutoa neno nje. *Incipit effari mediaque in voce resistit* (4.76): Dido anaanza kutamka, sauti inakatika katikati.
- praefari: kunena kwanza, kutanguliza maneno, hasa ya sala.
- profari: kutamka wazi.

Adfari pia hukupa wakati uliopita wa kuendelea. *Hos ego digrediens lacrimis adfabar obortis* (3.492), "nami nikiondoka nilikuwa nawasemesha hawa huku machozi yakinitoka." Fabar peke yake usiitafute, adfabar ipo.

Praefari ina kioja chake. Cato Mzee (234–149 KK), katika kitabu chake cha kilimo, anamwelekeza mkulima namna ya kutakasa shamba, naye anaandika *Ianum Iovemque vino praefamino*: uwanenee kwanza Janus na Jupiter kwa divai. Kimalizio hicho cha -mino ni amri ya kale ambayo waandishi wa baadaye waliiacha. Huna haja ya kuikariri, itambue tu ukiiona. Nomino ya praefari ni praefatio, ambayo Wakatoliki wengi wanaijua katika Misa kwa jina la Prefasio.

Hatua ya 9. Fuatilia asili, kwa kiasi

Mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya unaandikwa *bʰeh₂-, maana yake kunena. Ile bh ya mwanzo katika Kilatini huwa f, katika Kigiriki huwa ph, na katika lugha za India hubaki bh. Jozi nyepesi ya kukumbuka ni frater ya Kilatini, "kaka", na "bhai" ambayo kila aliyekulia karibu na duka la Mhindi ameisikia. Kwa njia hiyohiyo fari ya Kirumi ni ndugu wa phēmi ya Kigiriki, "nanena", na wa phōnē, "sauti", iliyotuletea maikrofoni.

Ndani ya Kilatini ukoo ni mkubwa: fama (habari zinazosambaa, sifa), fabula (hadithi), fatum, infans, na fateor, "kukiri". Kutoka fateor tumepata confiteor ya Hatua ya 2 na profiteor, "kutangaza hadharani", ambayo ndiyo iliyozaa neno profesa.

Juu ya infans ("mtoto mchanga"), Varro (116–27 KK), msomi wa Kirumi, ameeleza vizuri katika kitabu cha 6 cha De lingua Latina: mtu hunena, fatur, anapotoa kwa mara ya kwanza sauti yenye maana, na watoto kabla ya kufikia hapo huitwa infantes. Mshairi Horace naye, katika barua ya 1.4, anauliza yaya angemwombea kipenzi chake kitu gani zaidi ya *sapere et fari … quae sentiat*, kuwa na busara na kuweza kunena ayahisiyo.

Usimwamini Varro kwa kila kitu, lakini. Alidhani fanum, "mahali patakatifu", limetokana na fari. Wanaisimu wa sasa wanaliweka katika ukoo wa festus na feriae, maneno ya sikukuu. Fas (kilicho halali mbele ya miungu) na nefas (kilicho haramu) wataalamu wanabishania mpaka leo, kwa hiyo kwenye mtihani usiandike kwamba asili yake ni hakika.

Hatua ya 10. Chagua neno la Kiswahili

Dico ni kusema. Loquor ni kuzungumza. Inquit ni "akasema" inayochomekwa katikati ya nukuu. Kwa fari tumia kunena, usisite. Lina uzito uleule: Biblia ya Union Version ina "Bwana akanena na Musa", makanisani watu "hunena kwa lugha", na sokoni hakuna anayenena bei ya nyanya. Kitenzi cha Kirumi kilikuwa na daraja hilohilo. Ukitafsiri fatur kwa "anasema" hujakosea, ila umemvua Jupiter joho.

Ukikwama

*Neno linaanza na for- lakini sentensi haina mnenaji.* Huenda si kitenzi hiki. Forem, fores, foret, forent na fore ni maumbo ya sum: foret ni sawa na esset, na fore ni sawa na futurum esse. Forte ni "kwa bahati, labda". Kanuni ya haraka: ukiondoa for lenyewe la kwenye kamusi, kitenzi chetu kina fa-, hakina fo-.

*Nimeona fata, sijui ni ipi.* Kama kuna mwanamke au mungu wa kike aliyetoka kusema, ni partisipio. Kama ni kiima au shamirisho ya kitenzi kingine, ni wingi wa fatum, majaaliwa. Mizani ya shairi (mpangilio wa silabi ndefu na fupi) haitakusaidia, maana a ya kwanza ni ndefu kote kuwili.

*Mizani inakataa.* Angalia kama umeipa fateor a ndefu. Ingawa ni wa ukoo mmoja na fāri, fateor ina a fupi. Fāma na fābula zina ndefu. Fatuus, "mpumbavu", ina fupi pia, usiichanganye nazo.

*Kamusi haina adfatur.* Baadhi ya matoleo huandika adf-, mengine aff-. Jaribu yote mawili.

*Fatu inaonekana haina kazi.* Itafute karibu na kivumishi. *Haud mollia fatu* (12.25), mfalme Latinus akimwambia Turnus: mambo "yasiyo mepesi kuyanena".

*Naweza kuitumia fari katika insha ya Kilatini?* Katika nathari ya kawaida, hapana. Andika dico au loquor. Ruhusa moja ni fando kwa maana ya "kwa kusikia watu wakisema". Cicero anaitumia katika De natura deorum 1.82: *ne fando quidem auditum est*, hata kwa tetesi haijasikika, kwamba Mmisri amemdhuru mamba, ndege ibis au paka. Virgil pia anayo, na mshororo wake ni kipimo kizuri cha mwisho kwa sababu una fando na forte pamoja: *Fando aliquod si forte tuas pervenit ad auris* (2.81). Ukiitoa "kama labda kwa masimulizi ya watu imefika masikioni mwako", bila kuivuta forte iingie katika ukoo wa fari, funga daftari, uendelee na mshororo wa 82.